Mchezo wa kusaka hazina kwa viti maarufu: timu moja imepata LANGO, nyingine TANGO. Patasi nimpe nani?

seremala_mnoko:
Wakuu habari za jioni, naombeni busara zenu maana hapa chuoni nimegeuka hakimu na kazi hiyo sikuiomba. Mimi nafundisha useremala, chuo kidogo tu hapa Dar. Vijana wangu mikono wanayo, tatizo hawajui wanachotengeneza kimetoka wapi. Mteja anatuma picha WhatsApp, kijana anaipima kwa macho, keshokutwa kiti kimesimama, ukimuuliza hiki kiti cha nani anakwambia "cha mteja". Nikasema ngoja niwatengenezee mchezo wa kusaka hazina. Bahasha tano zimefichwa karakana nzima, kila bahasha ina kitendawili, kila kitendawili kinaelekeza kiti kimoja maarufu cha karne iliyopita. Simu ruksa.

Sheria ni hii: ukishakijua kiti, tafuta jina la ukoo la aliyekibuni, alafu hesabu miguu ya kiti. Miguu ikiwa mitatu unachukua herufi ya tatu ya jina, ikiwa minne ya nne, hivo hivo. Herufi tano, neno moja, na hilo neno ndo mahali hazina ilipo. Hazina yenyewe seti ya patasi mpya, kwahiyo watu walikuja wamefunga mikanda.

Ya kwanza: "Ndugu zangu wakinipanda mgongoni tunapanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara." Ni stuli ya Alvar Aalto wa Finland, Stool 60 ya 1933, miguu mitatu, ukizipandanisha zinajizungusha zenyewe. AALTO, herufi ya tatu, L.

Ya pili: "Nyumba yangu haina mlango, ukiingia kelele zinabaki nje." Kiti cha mpira cha Eero Aarnio, 1963, duara la faibaglasi limekatwa upande mmoja, limekaa juu ya mguu mmoja. A.

Ya tatu: "Nimezaliwa Denmark, jina langu la Kiswahili, bisibisi siijui." Hii naipenda kuliko zote. Kaare Klint, 1933, kiti kinaitwa Safari, unakifungua na kukifunga kwa mkono mtupu. Miguu minne, KLINT, N.

Ya nne: "Natabasamu hata ukinikalia." Hans Wegner, kile kiti cha plaiwudi cha 1963 chenye kikalio kilichopinda juu pande zote kama mdomo unaocheka. Miguu mitatu, G.

Ya tano: "Kiuno cha nyigu, mikono sina." Arne Jacobsen wa Denmark, kiti chake kinaitwa Series 7, cha 1955. Minne, O.

LANGO. Patasi nimeziacha langoni kwa mlinzi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Timu B wamemaliza wa kwanza, wamewaacha wenzao kama dakika kumi, nawaona wanatoka mbio badala ya kwenda getini wanakata kona kwa mama anayetupikia, wanapindua kapu lake la kachumbari. Neno lao TANGO!! Nawauliza T imetoka wapi, wananiwekea simu usoni: stuli ya Aalto, miguu MINNE, ipo, inauzwa. Herufi ya nne ya AALTO kweli ni T. Timu A ndo wakaja na LANGO taratibu wakachukua patasi. Timu C walipata LANGC wakaniuliza kama ni neno la Kidenmark.

Timu B wanasema wao ndo washindi, jibu lao ni sahihi na walikuwa wa kwanza, kosa ni la aliyetunga. Nina wiki tatu kabla sijaurudia mbele ya wazazi na wageni. Patasi za nani, na narekebishaje?

---

mama_kayai:
nimecheka mpaka mtoto ameamka 😂😂 LANGC. hao timu C wapewe hata msumeno

---

bwana_vinia:
Timu B wapewe. Sheria ulizitunga mwenyewe, hukusema stuli ya mwaka gani, hukuweka picha. Mahakamani ungeshindwa asubuhi na mapema.

---

mpwa_wa_copenhagen:
Shikamoo mwalimu. Niko huku Copenhagen mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye duka la samani za mitumba, hawa wazee unaowataja ndo ugali wangu kwahiyo niruhusu niseme kidogo.

Kwanza hao vijana hawakukosea, ya miguu minne ipo kweli, inaitwa E60, na Aalto mwenyewe ndo mwenye nayo. Ila kitendawili chako kinasema "kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara", hapo ndo ungewabana, ile picha ya mnara unaojisokota ni ya miguu mitatu, ndo sifa yake inayojulikana dunia nzima. Kwahiyo ukiniuliza mimi Timu A wanashinda kwa nukta. Lakini ni nukta nyembamba kama vinia, yale maganda membamba ya mbao.

Kikubwa zaidi ni namba tano. Mwalimu hicho kitendawili ni bomu. Jacobsen ana viti VIWILI vyenye kiuno cha nyigu. Kabla ya Series 7 alitoa kingine 1952, wanakiita Sisimizi, alikibuni kwa ajili ya kantini ya kampuni ya dawa ya Novo, na kile kilikuwa na miguu mitatu. Hesabu: JACOBSEN herufi ya tatu ni C. Ndo hiyo LANGC yako! Timu C hawakuwa wajinga, walikaa kwenye kiti cha jirani tu. Na mzee Jacobsen miguu mitatu aliing'ang'ania mpaka anakufa 1971, ya minne ya Sisimizi imekuja kutoka baadae yeye hayupo. Kwahiyo kiti kimoja hicho hicho kinaweza kukupa C au O kutegemea mtu kaiona picha gani.

Alafu kuna balaa la tatu ambalo nashangaa halijakupata. "Nyumba yangu haina mlango", mwalimu, Mswahili gani ukimwambia hivyo hakujibu YAI? Tumefundishwa hilo kabla ya kufunga kamba za viatu. Na huyo huyo Jacobsen ana kiti kinaitwa Yai, cha 1958, alikitengeneza kwa ajili ya hoteli ya SAS Royal hapa hapa mjini, hadi leo kuna chumba namba 606 wamekiacha kama alivyokipanga yeye. Yai lina mguu mmoja katikati. Herufi ya kwanza J. Wangepata LJNGO.

---

seremala_mnoko:
Marhaba mwanangu. Dah. Sasa nakiri: Timu A WALIANDIKA Yai kwanza. Nimekuta kwenye karatasi yao, J imekatwa mstari. Walivyoona LJNGO haisomeki ndo wakarudi nyuma wakatafuta kingine. Mimi nilijiona mjanja sana kuchomeka kitendawili cha bibi.

---

wa_ngong_road:
Niaje mwalimu, salamu toka Nairobi, mimi niko kwa hii biashara ya samani hapa Ngong Road, tunapanga vitanda kando ya barabara na mvua ikija tunakimbizana na turubai.

Mi nadhani shida si majibu, shida ni simu. Umewapea mchezo wa kugoogle. Mwenye bando nono anashinda. Hao ni mafundi, wape kitu washike! Chukua kile kiti cha Thonet namba 14, kile cha mkahawa cha mgongo wa mviringo, Michael Thonet alikitoa 1859 (najua si cha karne iliyopita, tulia). Kilikuwa vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, basi. Walikuwa wanapakia viti 36 vikiwa vimefunguliwa ndani ya kreti moja ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja, vinatumwa nchi za mbali vikafungwe huko huko. Mbao ya bichi (beech, mti wa Ulaya) inapikwa kwa mvuke mpaka inalegea kama tambi alafu inapindwa kwa fremu ya chuma. Sasa wewe tengeneza vipande sita vidogo, vifiche sehemu sita, kila kipande choma herufi moja kwa pasi ya moto. Wakishakiunga kiti vizuri, herufi zinajipanga kwa mfuatano wa skrubu. Wakikiunga vibaya neno halisomeki. Hapo hakuna wa kuleta simu usoni kwako.

Na kuna ingine ya kuwafaa zaidi sababu umesema wanakopi picha za wateja (kama sisi tu, nani hakopi). Ile picha maarufu ya mwanamitindo Christine Keeler, Uingereza 1963, amekaa kinyumenyume kwa kiti na mgongo wa kiti ndio unamsitiri. Kila mtu anadhani ni Series 7 ya Jacobsen. Si yenyewe! Ni kopi, na inajulikana kwa tundu la kushikia lililokatwa kwa mgongo, ya Jacobsen haina hilo tundu. Kiti chenyewe siku hizi kiko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kopi imekuwa staa kushinda original. Picha ya mama huyo usiwawekee kwa shule watoto wa wenyewe, lakini mchoro wa viti viwili pembeni pembeni, kimoja na tundu kimoja hakina, "kipi ni cha mzee na kipi ni cha fundi wa mtaani?" Hiyo watasolve kwa jicho la fundi.

---

mwana_mrima:
Assalam aleykum. Nyote mnazungumza Denmark na Finland, na kiti cha enzi je? Lamu, Mombasa, Unguja, kile kiti kilichosimama wima, mgongo na makalio yamesukwa kwa kamba, mbao nyeusi imetiwa nakshi za mfupa, na pa kuwekea miguu. Mgeni wa heshima ndiye aliyekuwa akiwekwa hapo. Mwawafundisha watoto wa Dar majina ya Wazungu na chao hawakijui.

---

seremala_mnoko:
Waaleykum salaam ndugu yangu, sikukisahau, kilinishinda. Mchezo wangu unadai jina la mbunifu, sasa kiti cha enzi niandike nani? Kimetengenezwa na mafundi wengi miaka mingi, hakuna aliyesaini. Ila umenipa wazo, hiki kinafaa kuwa bahasha ya mwisho isiyo na jina kabisa, wakae nayo watoke jasho.

@wa_ngong_road hilo la vipande sita nimelipenda sana, tatizo kupinda kwa mvuke sina boksi la mvuke la kueleweka, itabidi niikate kwenye plaiwudi tu, isiwe ya ukweli ukweli.

---

kipanga_mafumbo:
Nimechelewa ila hii mada imetungwa kwa ajili yangu. Niko Massachusetts, na January huwa najiunga na watu kwenye ule mchezo wa mafumbo wa chuo cha MIT, ule ulioanza 1981, timu zinakesha wikiendi nzima zinatafuta sarafu iliyofichwa chuoni na wanaoshinda wanapewa adhabu ya kutunga wa mwaka unaofuata. Kwahiyo maumivu yako nayajua.

Mwalimu mbinu yako ya miguu ni NZURI, usiitupe. Inamlazimisha mtu akiangalie kiti chenyewe badala ya kunakili jina tu. Ila miguu ina mitego. Kiti cha Panton, kile cha plastiki kipande kimoja kilichojikunja kama S, kina miguu mingapi? Sifuri? Cha Rietveld cha 1934 cha mbao nne umbo la Z? Kiti cha Cesca cha Breuer cha 1928, bomba moja limepindwa, nyuma hakuna kitu, ni miguu miwili au mmoja au hakuna? Watu watagombana mpaka usiku. Umebahatika umechagua vitano vinavyohesabika.

Unachokosa ni cha kujihakikishia. Mchezaji lazima ajue amekosea KABLA hajapindua kapu la mama wa watu. Njia rahisi, mwambie jumla ya miguu yote ni 15. Jaribu: LANGO ni 3+1+4+3+4, kumi na tano. TANGO inakuja 16, imekwama. LANGC inakuja 14, imekwama. Safi. Ila kuna watakaokosea mara mbili, stuli ya minne NA Sisimizi, wanapata TANGC na jumla yake ni 15 kamili 😅 na Yai nalo linapita maana lina mguu mmoja kama mpira. Hao neno lenyewe litawasuta, usijali sana.

Njia ya pili, weka mwaka pembeni ya kila kitendawili. 1955 ukiandika, Sisimizi anakufa hapo hapo. 1963 kwenye mpira, Yai linakufa. Kwenye stuli usiutegemee mwaka peke yake, pale weka kivuli, umbo jeusi la stuli linaloonyesha miguu mitatu.

Alafu niongeze moja ambayo ukiiacha utajuta. Eileen Gray, mbunifu mwanamke. Ana meza ndogo ya duara, bomba la chuma na kioo juu, unaipandisha na kuishusha, mguu wake unaingia chini ya kitanda. Jina la meza ni E-1027, sawa na jina la nyumba aliyoijenga kusini mwa Ufaransa kati ya 1926 na 1929. Na hilo jina ni FUMBO TAYARI, mama alishakutungia: E ni Eileen, 10 ni J ya Jean, 2 ni B ya Badovici, 7 ni G ya Gray, yani jina lake limemkumbatia mpenzi wake katikati. Wape vijana picha ya meza na jina lake, waache wagundue wenyewe kwamba namba ni herufi. Wakishagundua, wape mstari mzima wa namba wausome.

Ila angalizo moja la kwetu sisi: alfabeti gani? Ya Kiswahili haina Q wala X, na C tunaihesabu kama CH. Mpaka P namba zinafanana na za Kiingereza, ukifika R zinaachana, kwetu R ni 17 kwao 18. Ukitunga kwa moja na vijana wakasoma kwa nyingine unapata TANGO lingine.

---

bwana_vinia:
Hapo kwa R mimi ningekufa

---

mpwa_wa_copenhagen:
Kipanga umemaliza. Mimi naongezea tu kwamba stuli ya Aalto usiwafundishe jina na mwaka peke yake, wafundishe ule mguu. Ni birch, mti wa nchi za baridi, mbao ngumu, haipindiki kona ya nyuzi 90 hivi hivi. Alichofanya anapasua ncha ya mguu kwa msumeno, mipasuo kadhaa inayokwenda sambamba na nyuzi za mbao, anaingiza vinia nyembamba zenye gundi, ndo anapinda. Chini mguu ni mbao nzima, juu kwenye kona ni kama plaiwudi. Hiyo karakana yako inaiweza, haihitaji boksi la mvuke la Thonet. Wape kama kazi: timu itakayopinda mguu bila kuvunjika ndo inapewa bahasha ya kwanza. Aliyepinda kwa mkono wake miguu mitatu hatakuja kukuambia ni minne.

---

wa_ngong_road:
Hiyo sasa. Na mninga utapinda kweli? Nauliza kwa niaba yangu

---

mpwa_wa_copenhagen:
Sijajaribu mninga. Anza na kipande cha taka, usianze na mbao ya mteja.

---

mama_kayai:
na timu B jamani? mmewasahau. watoto wamekimbia wakamaliza wa kwanza

---

seremala_mnoko:
Hapana sijawasahau. Uamuzi wa hakimu ni huu, patasi zimebaki kwa Timu A maana walizifikia na walijisahihisha wenyewe pale kwenye Yai, hiyo ndo akili ninayoitafuta. Timu B nimewapa gundi na msasa na nimewaambia ukweli mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Kiongozi wao kanijibu "mwalimu sisi hatutaki pole, tunataka patasi", nimemwambia aje na mguu wa Aalto usiovunjika tutaongea.

Mchezo wa wazazi nimeupanga upya. Stuli ina kivuli chenye miguu mitatu, kila kitendawili kina mwaka, jumla 15 imeandikwa ubaoni, "nyumba haina mlango" nimeifuta nimeweka "Nyumba yangu duara, mlango wake hauna bawaba." E-1027 inaingia kama bahasha ya sita, alfabeti ya Kiswahili nimeibandika ukutani nzima na CH yake wasinisumbue. Kiti cha enzi kiko mwisho, cha ukweli, nimeazima kwa mzee mmoja Kariakoo kwa masharti kwamba hakuna mtu anakikalia.

TANGO nimeliacha makusudi. Kwenye kapu la mama nimepanga kuweka kikaratasi kimeviringishwa: "Umehesabu mguu ambao haupo, rudi kwenye stuli." Nikaenda leo mchana kumuomba ruhusa, nikamueleza Finland, nikamueleza 1933, nikamueleza miguu mitatu na minne. Kanisikiliza mpaka mwisho akiwa anakatakata vitunguu, alafu akaniuliza yale matango manne yaliyokanyagwa siku ile nani analipa.

---

mama_kayai:
manne au matatu? hesabu vizuri mwalimu 😂